Zile Siku Nne

Nilipokuwa nikitayarisha kurasa za kitabu hiki, jioni moja nilimsomea mke wangu, barazani kwetu Kiembe Samaki, insha niliyoipa jina la "Safari Yetu ya Uingereza". Ilikuwa khabari ya safari tuliyokwenda mwishoni mwa mwaka 2010, mimi na yeye, kumtazama binti yetu aliyekuwa akiishi London na mumewe. Nilikuwa nimeiandika kwa uangalifu mkubwa. Nilieleza mto Thames na madaraja yake, treni zipitazo chini ya ardhi, majumba ya makumbusho na msikiti mkubwa wa Regent's Park. Nikaimalizia kwa sentensi niliyoipenda mwenyewe, kwamba tarehe 19 Desemba tuliwaaga wenyeji wetu, tukawashukuru kwa ukarimu wao, na tukarejea nyumbani salama.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho. Ndege ilikuwa ikishuka, na sisi wakaazi wa huku tumezoea: ndege ikishuka mtu hunyamaza ikapita, ndipo akaendelea na maneno yake. Ilipokwisha kupita akaniuliza, "Na zile siku nne?"

Nikamjibu kwamba zile hazikuwamo katika safari. Akacheka.

"Mwalimu, sisi hatukurejea tarehe 19. Tumerejea tarehe 23. Siku nne umezitia wapi?" Akangoja kidogo, kisha akaongeza, "Na mimi nimo wapi humo? Hicho ulichokiandika angeweza kukiandika mtu yeyote mwenye ramani."

Katika maisha yangu ya kazi nimekaguliwa na wakaguzi wa kila namna, na mimi mwenyewe nimesahihisha insha za watoto kwa maelfu. Lakini sikupata kusikia uhakiki ulioingia ndani ya maandishi kama huo, na uliosemwa kwa maneno machache kama hayo. Usiku ule sikuweza kulala vyema. Asubuhi yake nilianza kuvipekua vitabu vya safari nilivyo navyo, vilivyoandikwa na watu wetu waliokwenda ng'ambo kabla yetu, nikitafuta jambo moja tu: je, wenzangu walifanyaje na siku zao ambazo hazikuwamo katika ratiba? Na waliokuwa pamoja nao, wamo?

Niliyoyaona ndiyo ninayotaka kumweleza msomaji.

Kitabu cha mwanzo ni kile kiitwacho "Safari za Wasuaheli", kilichotolewa Ujerumani mwaka 1901 na Carl Velten, aliyekuwa akifundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki cha Berlin. Baadhi ya khabari zake zilikuja kuchapishwa tena na Lyndon Harries mwaka 1965, na ndiko sisi wengi tulikozisomea. Humo imo safari ya Sleman bin Mwenye Chande ya kwenda bara, imo safari ya Mtoro bin Mwinyi Bakari ya Udoe na Uzigua, na imo ile iliyo ya ajabu kuliko zote, ya Selim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake Mdachi mwaka 1896 mpaka Urusi na Siberia. Hebu tufikirie. Mtu wa pwani yetu, katika karne ya kumi na tisa, amefika Siberia na akarudi akaandika kwa Kiswahili fasaha! Peke yake jambo hili latosha kuzivunja zile kauli za wasemao kuwa Mswahili hakuwa na nathari mpaka alipoletewa.

Sifa za maandishi haya ni nyingi. Lugha yake ni nyepesi, sentensi zake fupi, na jicho la mwandishi ni kali. Msafiri anahesabu siku na makambi, anataja chakula, bei, hongo, mavazi na tabia za watu. Mwalimu yeyote angependa wanafunzi wake waandike hivyo. Lakini ukisoma moja baada ya moja, utaona jinsi zinavyofanana mwendo: tuliondoka, tukafika, tukaona, tukalala, tukaondoka tena, tukarudi. Msafiri anajua mengi juu ya watu aliowapitia, na machache sana juu ya yule aliyekuwa akila naye sahani moja.

Kitabu cha pili mwandishi wake ni kama jirani yetu. Martin Kayamba alizaliwa Mbweni mwaka 1891, hapa karibu na sisi. Baadaye alikuwa ofisa mkubwa katika serikali ya Tanganyika, na mwaka 1931 alikuwa mmoja wa Waafrika watatu wa Tanganyika waliopelekwa London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka uliofuata akatoa kitabu chake, "Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza". Kwa wakati wake kilikuwa kitabu cha kuwafumbua macho watu, na sisemi neno la kukishusha. Nasema juu ya jina lake tu, kwa kuwa jina hilo ndilo lililonishitaki mimi. Tulivyoona, na tulivyofanya. Ndiyo mambo mawili ambayo sisi huyahesabu kuwa ni safari. Je, yaliyotupata? Mtu anapokwenda kwa wito wa serikali, ratiba imo mfukoni mwake na mwenyeji yumo mlangoni, huona na hutenda. Ratiba inapokwisha na safari ikawa haikwisha, ndipo mambo yanapompata, na hapo ndipo kalamu zetu hufungwa.

Nilijiuliza kwa nini. Na jawabu, naona, ni kumtazama aliyeomba kuandikiwa. Khabari za Velten ziliandikwa kwa ajili yake na kwa ajili ya wanafunzi Wadachi waliotaka kujifunza lugha, njia na mila za nchi waliyokuwa wakija kuitawala. Vitabu vya miaka ya baadaye viliandikiwa watoto wa skuli, ili wapate faida na mfano mwema. Mwandishi mwenye adabu humpa mwombaji alichokiomba. Hakuna aliyemwomba Selim bin Abakari aseme ni usiku gani aliogopa. Na sisi walimu tulikirithi kiasi hicho tukakifanya ndiyo kanuni ya insha.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Nilipokuwa kijana, nimetoka karibuni Chuo cha Ualimu cha Nkrumah, niliwapa wanafunzi wangu insha yenye kichwa "Safari Niliyoipenda". Mtoto mmoja wa kike, kwao Tumbatu, aliandika juu ya kwenda harusini. Harusi yenyewe aliieleza kwa mistari mitatu. Kurasa mbili zilizobaki zilikuwa juu ya kurudi: mashua yao ilichelewa kuondoka, maji yakakupwa, wakapwelewa kabla ya kufika Mkokotoni, na wakakaa pale juu ya mchanga mpaka maji yalipojaa tena usiku. Ndani ya mashua alikuwamo bibi yake na mwanamke mwengine wa mtaani, nao hawakuwa wakisemezana kwa muda wa miaka. Njaa ilipozidi, bibi alifungua kikapu chake, akaumega mkate wa kumimina, akampa kipande yule mwanamke bila ya kumtazama. Yule naye akapokea bila ya kumtazama. Baada ya hapo wakaanza kulalamikia baridi, wote wawili pamoja.

Mimi nilichukua wino mwekundu nikaandika: "Umetoka nje ya maudhui. 9/20." Aliyepewa alama nyingi siku ile alikuwa mtoto aliyeeleza kiwanda cha sukari cha Mahonda, mashine baada ya mashine, akamaliza kwa kusema wakarudi nyumbani salama. Insha ile ya kiwanda siikumbuki tena. Mkate ule bado ninauona.

Nirejee kwenye vitabu. Katika waandishi wa Velten aliye bingwa, kwa maoni yangu, ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo kile kile, na mwaka 1903 kikatoka kitabu chake kikubwa, "Desturi za Wasuaheli". Hakuna mahala pengine palipokusanywa mambo ya pwani ya zama zile kwa utulivu kama ule: kuzaliwa, jando, posa, harusi, talaka, ngoma, madeni, ugonjwa na maziko. Mtu akitaka kujua bibi harusi wa Mrima alivyokuwa akipambwa na kutunzwa, atamwendea Mtoro.

Sasa sikiliza yaliyomfika mwenyewe. Mwaka 1904, huko huko Berlin, Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwandani. Mwaka 1905 mume na mke wakafunga safari kuja Afrika Mashariki. Serikali ya kikoloni, ikiongozwa na Gavana von Götzen, haikukubali mtu mweusi aingie nchini akiwa na mke mweupe, wakae pamoja mbele ya macho ya watu. Wakazuiwa. Mwalimu aliyekuwa akiwafundisha Wajerumani lugha ya kwao alizuiwa na Wajerumani kushuka kwao na mkewe. Mwisho wake walirejea Ujerumani, na huko Mtoro akaishi, akifundisha na kutoa mihadhara mji hata mji, mpaka alipofariki Berlin mwaka 1927. Mtu aliyekwenda kufundisha kwa muda alizikaliza huko baridi zaidi ya ishirini.

Khabari hizi tunazipata kwa mtafiti Ludger Wimmelbücker, aliyezichambua katika kitabu kilichotolewa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka 2009. Amezikusanya kwenye majalada na barua za wakubwa. Kazi ni nzuri na tunamshukuru. Lakini jalada ni jalada. Humo Mtoro ni mwombaji na Bertha ni tatizo. Hicho ndicho alichokiona karani.

Vitabu vya Mtoro vilitangulia ndoa yake, kwa hiyo hatuwezi kumlaumu kwa kutomtia Bertha ndani yake. Ninalolisikitikia ni kwamba hakuna Velten aliyekuja baadaye akamwambia, "Andika na hii." Safari ya Udoe na Uzigua iliombwa, ikaandikwa, ikapigwa chapa. Safari ya kurudi kwao na mkewe, ambayo ni kubwa zaidi kuliko ile, haikupata kuchapishwa kwa kalamu yake. Jicho lile lililoona kila ushanga wa bibi harusi wa Mrima lilikuwamo merikebuni pamoja na bibi harusi wake mwenyewe. Pwani i mbele yao, na amri ni warudi. Walisemezana nini? Nani alimtuliza mwenzake? Fasihi ya Kiswahili ingalikuwa na ukurasa ambao sasa haina. Wahenga wamesema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa Mtoro hata ngama ilifungwa.

Mfano wa tatu unatutoa katika lugha ya Kiswahili, lakini hautuondoi Unguja. Seyyida Salme binti Said alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Mwaka 1866 aliondoka kwa siri katika manowari ya Kiingereza akaenda Aden, na huko, tarehe 30 Mei 1867, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Siku ile ile wakapanda meli. Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka mwaka 1886 kwa Kijerumani na kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Watu wetu wengi wanakijua, na watalii wanakinunua Forodhani. Humo kasri imeelezwa, mavazi yameelezwa, chakula, mafunzo ya watoto, sikukuu na fitina za ndugu. Wasomaji wa Ulaya walitaka kujua nyumba za Waarabu zimo na nini, naye kawapa. Mumewe na maisha ya huko Ujerumani wamepewa nafasi ndogo.

Lakini Salme aliacha maandishi mengine, barua ndefu alizozielekeza kwa rafiki yake wa kike wa Unguja. Hazikuchapishwa katika uhai wake, uliokwisha mwaka 1924. Tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1993, imehaririwa na E. van Donzel. Humo ndimo utamkuta mume na mke. Utakuta nyumba iliyofungwa madirisha kwa sababu ya baridi, mume aliyekwenda kazini asubuhi, na mke aliyebaki peke yake katika lugha asiyoijua, akimngoja yeye tu. Kisha utakuta siku ambazo hakuna aliyezipanga: mwezi wa Agosti 1870 Rudolph alikanyagwa na gari la reli lililokuwa likikokotwa na farasi, na baada ya siku tatu akafariki. Alimwacha mjane mwenye umri wa miaka ishirini na mitano, na watoto watatu, katika mji ambao alikuwamo kwa ajili ya mtu huyo mmoja.

Mimi nahukumu hivi, na msomaji ana ruhusa ya kunipinga: kitabu cha Salme ni chenye faida, barua zake ni zenye uhai. Katika kitabu anazungumza na wageni juu ya kwao. Katika barua anazungumza na mtu wa kwao juu ya ugeni. Mwandishi ni yule yule na kalamu ni ile ile, kilichobadilika ni kwamba safari hii anamwandikia mtu atakayeuliza, "Na wewe, ulikuwaje?"

Ndilo swali la mke wangu. Basi nikakaa naye barazani siku tatu mfululizo, mimi na daftari langu, nikamwomba anihadithie zile siku nne kama anavyozikumbuka yeye. Nililokuwa nalikumbuka mimi lilikuwa kidogo, na kumbe sababu yake si uzee.

Theluji kubwa ilianguka kusini mwa Uingereza siku ya Jumamosi, tarehe 18 Desemba 2010. Safari za ndege zikasimama, na maelfu ya abiria wakalala chini katika viwanja vya ndege siku chache kabla ya Krismasi. Sisi tikiti yetu ilikuwa ya Jumapili. Binti yetu alituambia tusiende, tungoje simu. Mimi nilisema mtu mwenye tikiti huenda kwenye safari yake. Tukenda. Usiku ule tulilala sakafuni, mke wangu ameegemea sanduku, amejifunika kanga mbili juu ya koti la kuazima.

Nililoliacha katika insha yangu ni hili. Mbele ya watu, katika msongamano ule, nilimgombeza. Tarehe ya mwanzo ya kurudi kwetu ilikuwa wiki moja kabla, naye ndiye aliyeomba iahirishwe kwa kuwa mjukuu wetu alikuwa na homa. Nikamwambia kwa sauti kubwa kwamba tumelala chini kama mizigo kwa sababu yake. Yeye hakujibu. Walikuwapo vijana wawili wa Kikenya karibu yetu waliosikia na kufahamu kila neno, mmoja alinyanyuka akamletea chai, akamwambia, "Shikamoo mama, kunywa kidogo." Mimi hakuniletea. Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa. Mke wangu anakumbuka hata rangi ya gilasi.

Jumatatu tulirudi kwa binti yetu. Masanduku hatukuyafungua, maana kila saa tulidhani tutaitwa, kwa hiyo tulikaa siku zote na nguo zile zile. Mfukoni nilikuwa nimebakiwa na pauni kumi na mbili, na sikumwambia mtu. Asubuhi binti na mumewe walikwenda kazini, mjukuu akapelekwa kwa mlezi wake, tukabaki sisi wawili katika nyumba ya watu. Katika wiki tano za safari hatukupata kubaki peke yetu hata mara moja. Mchana ulikuwa mfupi mno. Adhuhuri na alasiri zilikaribiana, na jua lilichwa kabla ya saa kumi za jioni. Mke wangu anasema alikuwa akimaliza sala moja na hakunjui msala.

Jumanne, anasema, nilimuuliza kama ana hasira na mimi. Akanijibu kuwa hasira zilikwisha pale kwenye chai, kilichobaki ni baridi. Kisha akaniuliza kama tumebakiwa na pesa. Nikamwonyesha zile pauni kumi na mbili. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa pauni arubaini alizokuwa akiziweka tangu siku tuliyofika, akazitia katika mkono wangu. Hakusema neno, na mimi sikusema.

Jumatano alfajiri niliona kutoka dirishani kwamba ngazi ya jirani, bibi mzee wa Kiingereza aliyekuwa akikaa peke yake, imefunikwa na theluji. Nikatoka na kizoleo cha taka cha jikoni nikaanza kuikomba. Nilikomba ngazi tatu, ya nne ikanitupa. Mke wangu alinikuta nimekaa juu ya theluji, kofia yangu imeruka upande mwengine, na yule bibi wa Kiingereza yuko mlangoni na vazi lake la kulalia, anauliza kama nimeumia. Mimi nilikuwa mzima, ila sikuweza kunyanyuka kwa kuteleza. Mke wangu alikuja kuniinua, akaanguka yeye pia. Anasema tulicheka mpaka tukatokwa na machozi, na kwamba hajapata kunisikia nikicheka vile tangu tulipokuwa vijana Makunduchi, mwaka wetu wa mwanzo wa kazi. Yule bibi alituingiza kwake, akatupa chai na keki. Hatukuwa na maneno mengi ya kusemezana, lakini tulikaa kwake mpaka adhuhuri.

Alhamisi, tarehe 23, tuliitwa, tukaondoka.

Haya yote nilikuwa nimeyakata kwa sentensi moja, "tukarejea nyumbani salama". Nilidhani ninaficha aibu yangu ya kumgombeza mke wangu mbele ya watu. Na kweli niliificha. Lakini nilipolitupa hilo nikaitupa pamoja nalo pauni arubaini ya pindoni, na ngazi ya nne, na kicheko. Huwezi kutoa moja ukabakisha jengine, maana yote yalitokea katika siku zile zile nne, na la nyuma lilizaliwa na la mbele. Ndiyo hasara ya namna yetu ya kuandika safari. Anayejiondoa yeye na makosa yake katika khabari humtoa na mwenzake pamoja na wema wake, ikabaki Thames na madaraja.

Sisemi kila jambo la nyumbani liandikwe. Yapo ya kusitiri, na sitara ni adabu yetu. Mke wangu mwenyewe amenikataza mambo mawili ya siku zile, nami nimeyaacha. Lakini kuna tofauti baina ya kusitiri na kudanganya. Kusema tulirejea tarehe 19 hakukuwa sitara.

Insha ya "Safari Yetu ya Uingereza" nimeitoa katika kitabu hiki. Nimeweka hii badala yake, na mke wangu ameisikiliza kabla haijakwenda kwa mpiga chapa. Amesahihisha pahala pawili: chai ya kijana wa Kikenya haikuwa na maziwa, na mimi ndiye niliyeanza kucheka, si yeye.

Ama yule mtoto wa Tumbatu, sasa atakuwa mtu mzima mwenye wajukuu. Huenda haijui kabisa khabari ya alama zile, au huenda anaijua vizuri mno, kama mke wangu alivyoijua rangi ya gilasi. Ikiwa kitabu hiki kitamfikia, nataka ajue kwamba hakutoka nje ya maudhui.

Ndege nyengine inashuka. Mke wangu amenyamaza, anangoja ipite.